Kutenga Mkondo wa Sauti katika Diski na Faili za Video: Mbinu kwa Mtafiti wa Toni na Urefu wa Irabu katika Kiha cha Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtafiti wa isimu anavyoweza kutenga sauti iliyomo katika diski na faili za video na kuifanya data ya uchunguzi wa kifonolojia. Lugha iliyochaguliwa ni Kiha, kama kisemwavyo katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, sauti ya video ni ushahidi unaokubalika wa toni na urefu wa irabu iwapo mkondo wake utanakiliwa jinsi ulivyo, bila kubanwa upya. Pili, mkondo huo hupoteza thamani yake ya kiisimu pindi unapotengwa moja kwa moja na picha pamoja na maelezo ya msemaji.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mtafiti wa lugha za Kibantu amezoea kwenda uwandani na kinasa sauti, kukaa na msailiwa mahali patulivu, na kumwuliza msamiati na sentensi alizoziandaa. Njia hiyo imetupatia sarufi na kamusi nyingi. Hata hivyo, ina upungufu unaofahamika: msailiwa hutamka neno mojamoja, polepole, akijua kwamba anasikilizwa. Mazungumzo ya posa, hotuba ya mzee wa ukoo harusini, au wasia unaotolewa wakati wa matanga, haviletwi mezani kwa kuulizwa.

Mazungumzo ya aina hiyo yamo katika diski na simu za watu. Tangu deki za video zilipoenea mijini na vijijini, familia nyingi zimekuwa zikiwaajiri wapiga picha za video katika harusi, ubatizo, maulidi na mazishi. Kilichorekodiwa kilihifadhiwa kwanza katika kanda za VHS, baadaye katika diski za VCD na DVD, na siku hizi katika simu za mkononi na kadi za kumbukumbu. Hivyo, kabati la mzazi huko Kasulu laweza kuwa na saa kadhaa za Kiha cha asili ambacho hakuna mtafiti aliyepata kukirekodi.

Hazina hiyo imo hatarini. Diski zilizochomwa mitaani hutegemea rangi ya kikemikali ambayo huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Diski iliyosomeka mwaka 2005 huenda leo isisomeke tena. Aidha, baadhi ya wazee waliosikika humo wamekwisha kufariki. Kwa sababu hiyo, suala la namna ya kuitoa sauti hiyo si la fundi wa kompyuta peke yake. Ni suala la mbinu za utafiti, na mwanaisimu anapaswa kulielewa.

2.0 Kiha na yale yasiyoandikwa

Guthrie aliiweka lugha ya Kiha katika kundi la D60, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kishubi, Kihangaza na Kivinza. Jina ambalo wenyewe huipa lugha yao, Igiha, ladhihirisha kanuni ya Dahl: kiambishi chenye kipasuo kisoghuna hughunishwa kinapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Kiha kimeandikiwa kazi kadhaa za kitaaluma, zikiwamo orodha ya msamiati ya Nakagawa ya mwaka 1992 na sarufi ya Harjula, iliyochapishwa Köln mwaka 2004 pamoja na matini na msamiati.

Sifa mbili za lugha hii ndizo zinazotuhusu hapa, nazo ni toni na urefu wa irabu. Katika maandishi ya kawaida ya watu, toni haiandikwi kabisa, na urefu wa irabu huandikwa na baadhi yao huku wengine wakiuacha. Ukubwa wa pengo hilo unaonekana katika lugha jirani. Katika Kirundi na Kinyarwanda, neno linaloandikwa inda laweza kuwa tumbo au chawa, na hukumu iko kwenye toni. Katika Kinyarwanda, neno gusura likitamkwa kwa irabu ndefu maana yake ni kutembelea. Likitamkwa kwa irabu fupi, huwa ni neno lisilotajwa mbele ya wakwe. Maandishi hayatofautishi maneno hayo, ilhali sikio la mzawa halikosei.

Kutokana na hali hiyo, hotuba ya Kiha iliyoandikwa bila alama haitoshi kuwa ushahidi wa fonolojia ya Kiha. Sauti yenyewe ndiyo ushahidi. Ikiharibiwa wakati wa kuitoa katika video, hakuna maandishi yatakayoirudisha.

3.0 Kilichomo ndani ya diski na faili

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba video ni kitu kimoja. Faili ya video ni mfano wa kapu: ndani yake mna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na alama za muda zinazoifunga mikondo hiyo pamoja. Kutenga sauti ni kuutoa mkondo wa sauti kapuni bila kuugusa. Kuigeuza sauti ni jambo jingine: ni kuufungua mkondo huo, kisha kuufunga upya kwa mtindo mwingine. Tofauti ya vitendo hivi viwili ndiyo msingi wa makala haya.

Mtafiti atakutana na aina nne kuu za makapu. Aina ya kwanza ni VCD, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1993. Sauti yake huhifadhiwa kwa mtindo uitwao MPEG-1 Layer II, wenye sampuli 44,100 kwa sekunde na kasi ya kilobiti 224 kwa sekunde, yaani megabaiti 100 hivi kwa saa. Katika kompyuta huonekana ndani ya folda ya MPEGAV, kwa jina kama AVSEQ01.DAT.

Aina ya pili ni DVD. Sauti yake huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Yaweza kuwa haikubanwa kabisa, au ikawa imebanwa kwa mtindo wa AC-3 au MPEG. Faili zake zimo katika folda ya VIDEO_TS na zina kiambishi tamati VOB. Kila moja haizidi gigabaiti moja, hivyo harusi ya saa mbili hukatwa katika vipande kadhaa. Vipande hivyo viunganishwe kwa mfuatano wake kabla ya kutenga sauti. La sivyo, sentensi hukatika katikati.

Aina ya tatu ni faili za 3GP za simu za zamani. Nyingi zilitumia mtindo wa AMR wenye sampuli 8,000 tu kwa sekunde na kasi isiyozidi kilobiti 12.2 kwa sekunde. Aina ya nne ni faili za MP4 za simu za sasa na kamera mpya, ambazo kwa kawaida hutumia mtindo wa AAC wenye sampuli 44,100 au 48,000.

4.0 Hatua za kutenga sauti

4.1 Kunakili diski nzima. Mtafiti asifanye kazi juu ya diski ya familia. Aifute vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni, ainakili yote katika kompyuta, kisha airudishe kwa mwenyewe. Nakala hiyo ndiyo asili ya kazi yake, nayo isibadilishwe kamwe.

4.2 Kuutoa mkondo. Programu ya bure iitwayo FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, yatosha kwa kazi hii. Tuchukue mfano wa faili ya simu iitwayo harusi.mp4:

(1) ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -c:a copy harusi.m4a

Sehemu ya -vn huiamuru programu iache picha, na sehemu ya -c:a copy huiamuru inakili sauti jinsi ilivyo. Kazi ya saa nzima huisha kwa muda mfupi sana kwa kuwa hakuna kinachokokotolewa upya. Kwa VCD, faili ya matokeo ipewe kiambishi tamati mp2; kwa DVD yenye AC-3, ipewe ac3. Iwapo diski ina mikondo miwili ya sauti, programu itachagua mmoja tu isipoelekezwa vinginevyo. Hivyo, mtafiti aikague faili kwanza na kuutaja mkondo anaoutaka.

4.3 Kufungua kwa ajili ya uchunguzi. Programu za uchunguzi wa fonetiki, mathalan Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hufanya kazi vizuri zaidi na faili za WAV ambazo hazikubanwa:

(2) ffmpeg -i harusi.m4a -c:a pcm_s16le harusi.wav

Hatua hii haiongezi ubora wowote uliokwisha kupotea, lakini pia haipotezi kingine cha kuathiri uchunguzi wetu. Gharama yake ni nafasi: sauti ya njia mbili yenye sampuli 48,000 na biti 16 huchukua megabaiti 690 hivi kwa saa. Kwa bei za leo za diski za kuhifadhia, gharama hiyo si kisingizio cha kugeuza kila kitu kuwa MP3.

4.4 Kuhifadhi njia zote mbili. Wapiga picha wengine huingiza kipaza sauti cha mshereheshaji katika njia moja, na kipaza sauti cha kamera katika njia ya pili. Mtafiti akizichanganya njia hizo kuwa moja, sauti safi huchafuliwa na kelele za ukumbi, na pengine mawimbi yakafutana. Azisikilize kwanza mbalimbali, kisha achague iliyo bora.

5.0 Kinachosalia na kinachopotea

Swali la msingi la msomaji wetu litakuwa hili: je, sauti iliyokwisha kubanwa na VCD au simu ni halali kwa uchunguzi wa kifonolojia? Jibu hutegemea kinachochunguzwa.

Toni hudhihirika katika kidatu, yaani kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti. Kwa wanaume kasi hiyo huwa aghalabu kati ya Hz 75 na 200, na kwa wanawake huwa juu zaidi. Mitindo ya kubana sauti iliyotajwa hapo juu huhifadhi vema mpangilio wa mitetemo hiyo. Hata AMR ya simu za zamani, ambayo hupitisha hasa masafa ya kati ya Hz 200 na 3,400, haiondoi kidatu cha mwanamume. Mtetemo wa msingi hufifia, lakini vizidisho vyake husalia, na Praat hukikokotoa kidatu kutokana na marudio ya wimbi zima. Kwa hiyo mpandoshuko wa toni waweza kuchorwa kutoka katika faili duni, mradi mtafiti aweke mipaka inayomfaa msemaji na akague kwa jicho mahali ambapo mchoro unaruka ghafla maradufu au kushuka nusu.

Urefu wa irabu nao husalia, kwa sababu kubana sauti hakurefushi wala kufupishi muda. Hata hivyo, kuna tahadhari mbili. Kwanza, programu nyingi za MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili. Fremu moja ya mtindo huo ina sampuli 1,152, sawa na milisekunde 26 kwa sampuli 44,100. Irabu haitabadilika urefu, ila alama za mipaka zilizowekwa juu ya faili moja hazitalingana na faili nyingine. Pili, kubana sana huweza kusambaza mlipuko wa kipasuo hata kabla ya wakati wake, na mpaka kati ya konsonanti na irabu ukawa na ukungu.

Konsonanti ndizo ziumiazo zaidi. Kwa kanuni ya sampuli, sauti yenye sampuli 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi Hz 4,000. Nguvu kubwa ya kikwamizo s iko juu ya mpaka huo. Katika faili ya simu ya zamani, s na f huweza kukaribiana mno, na vizuio-kwamizi vikapoteza alama zao. Mtafiti asijenge hoja yoyote juu ya vikwamizo vya Kiha kwa kutumia faili ya namna hiyo.

Nguvu ya sauti pia haiaminiki, kwani kamera na simu nyingi hupandisha na kushusha kiwango zenyewe. Anayetaka kujua kama silabi yenye toni ya juu hutamkwa pia kwa nguvu zaidi, asitegemee video ya harusi.

Diski zilizotokana na kanda za VHS zina tatizo la pekee la mwendo. Kanda ikiwa imechezwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 4, kidatu chote hupanda kwa karibu theluthi mbili ya nusutoni ya muziki, na irabu ya milisekunde 150 hupimwa kuwa 144. Uwiano kati ya toni ya juu na ya chini haubadiliki, lakini ulinganishi wa muda kati ya msemaji wa Kasulu na wa Kibondo hupotoka. Mahali penye umeme wa gridi, mtafiti huweza kukagua mwendo kwa kutafuta mvumo wa Hz 50 ulionaswa pamoja na sauti. Katika nyanda za juu za Kigoma kipimo hiki kitumiwe kwa hadhari, kwa kuwa kwa miaka mingi umeme wa miji hii ulitoka katika mitambo ya dizeli, na sherehe nyingi za vijijini ziliendeshwa kwa jenereta ndogo ambazo mwendo wake huyumba mzigo unapobadilika.

Mwisho, kutenga mkondo si kutenganisha sauti zilizokwisha kuchanganywa. Filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama marehemu Lufufu ni mfano unaojulikana: sauti ya msimulizi imelala juu ya sauti ya filamu, na zote mbili ni mkondo mmoja. Hali ndiyo hiyo kwa harusi ambayo mhariri wake ameweka muziki juu ya hotuba. Zipo programu za sasa zinazodai kuondoa muziki huo, lakini nyingi hukisia kilichofunikwa. Kisio si data. Njia bora ni kumwendea mpiga picha na kumwomba mkanda au faili ya kabla ya uhariri, iwapo bado ipo.

6.0 Sauti isiyo na picha

Baada ya kutenga sauti, kishawishi ni kuitupa video kwa kuwa inakula nafasi. Tunapendekeza asiwepo mtafiti wa Kiha atakayefanya hivyo, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni utambulisho wa msemaji. Kasulu na Kibondo ni wilaya zilizopokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, hususan baada ya mwaka 1972, 1993 na 2015. Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji wake huelewana kwa sehemu kubwa. Wamo pia watu waliooana, na wamo wageni waalikwa. Sauti iliyoandikwa kwa juu tu "Kibondo, harusi" yaweza kuwa ya Mha, ya Mrundi, au ya mtu aliyelelewa kwa lugha zote mbili. Picha humwonyesha aliyesimama kusema, na familia itamtaja ni nani, alizaliwa wapi, na wazazi wake walisema nini. Bila hayo, mtafiti aweza kuandika kanuni ya toni ya Kirundi akadhani ni ya Kiha cha Kibondo.

Sababu ya pili ni jina la mahali. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Wilaya ya Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Diski ya mwaka 2006 iliyoandikwa "Kasulu" huenda ilirekodiwa Manyovu, ambako leo ni Buhigwe. Na iliyoandikwa "Kibondo" huenda ni ya upande wa Buyungu, ambako leo ni Kakonko. Kwa anayechora mipaka ya lahaja, jina la wilaya pekee halitoshi. Liandikwe jina la kijiji, na mwaka.

Sababu ya tatu ni maana. Viashiria kama huyu, yule na pale hupata maana kwa mkono na jicho la msemaji. Programu ya ELAN, iliyoundwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, humwezesha mtafiti kuandika matini huku video na faili ya WAV zikienda sambamba. Hiyo ndiyo faida ya kutenga bila kuhamisha alama za muda: sauti huchunguzwa peke yake, kisha hurudishwa mahali pake.

Kwa kila faili, basi, tunashauri iandikwe kadi yenye mambo yafuatayo: (a) jina la faili asili na aina ya kapu, (b) mtindo wa sauti, sampuli na kasi, (c) amri iliyotumika kutenga, (d) kijiji, wilaya ya wakati ule na ya sasa, na mwaka, (e) kila msemaji, umri wake, mahali alipolelewa na lugha zake, (f) aliyetoa ridhaa na mipaka ya ridhaa hiyo.

7.0 Ridhaa na haki

Diski kuwa mkononi mwa mtafiti si ruhusa ya kuitumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za wasanii na wapiga picha, pamoja na sanaa za jadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yahusu pia taarifa zinazomtambulisha mtu. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Mazungumzo ya mahari au wasia wa marehemu ni mambo ya ukoo. Mtafiti aeleze kwa lugha ya wenyewe anachotaka kukifanya, akubali kuambiwa kwamba sehemu fulani isisikilizwe na wageni, na airudishie familia nakala safi. Kwa wengi, nakala hiyo itakuwa na thamani kuliko makala yatakayoandikwa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba video za familia huko Kasulu na Kibondo ni chanzo halali cha data ya toni na urefu wa irabu, ingawa si chanzo cha kila kitu. Masharti yake ni machache: mkondo unakiliwe jinsi ulivyo, asili isiguswe, mipaka ya kila mtindo wa sauti ijulikane, na sauti isiachane na picha wala na jina la msemaji. Idara zetu zinawafundisha wanafunzi kuchora spektogramu. Hazina budi kuwafundisha pia sauti hiyo ilipita wapi kabla ya kufika katika spektogramu. Wanafunzi wetu wanaotoka Buha ndio walio karibu zaidi na makabati yenye diski hizo. Likizo moja, kompyuta moja na ruhusa ya wazazi vyatosha kuanza.